Miaka mitatu na SUV ya siti saba: niliyoyaona, na sasa linajikaza nikikata kona

Baba Watatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu nimekuwa mchungulia nyuzi tu kwa miaka, leo nimeona nichangie kwanza kabla sijaomba. Nina gari la familia, SUV ya siti saba, petroli, otomatiki. Linavuta kwa magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanaingia pale kompyuta inapoona haja. Nililichukua likiwa limeshatumika, kilomita 71,000. Leo linasoma 128,000. Chapa sitaitaja, maana nazijua nyuzi za humu: bandiko la tano tayari watu wanatukanana kwa ajili ya nembo.

Nianze na siti ya tatu, maana ndiyo iliyonitoa pesa mfukoni. Ukiinyanyua yote, buti linabaki na nafasi ya mkoba mmoja na mwavuli. Mama mkwe alikaa kule mara moja tu. Kutoka ilibidi tumvute mikono yote miwili, akajinyoosha mgongo, akaniambia kwa upole: "Baba, siku nyingine mimi mbele au nyumbani." Tangu siku hiyo anakaa mbele.

Watoto nao wana hesabu yao. Nina watatu, nikadhani siti tatu za watoto zitapangana safu ya kati. Hazipangani. Ndoano za ISOFIX (vishikio vya chuma vya kufungia siti ya mtoto) ni za pembeni mbili tu, na siti hizo mbili zikishakaa, wa katikati hana hata pa kupitisha mkono kufunga mkanda. Kwa hiyo mkubwa anaishi nyuma, nusu ya siti ya tatu imenyanyuliwa kwa ajili yake na nusu imelazwa kwa ajili ya mizigo. Mkienda kununua, bebeni siti za watoto mkazifunge palepale kwa muuzaji. Msiamini picha.

Mafuta: foleni za kila siku lita moja inanipa kilomita 8, njia ndefu 11. Nikiweka boksi la mizigo juu ya paa njia ndefu inashuka hadi 9 na kidogo. Boksi likiwa tupu inashuka vilevile, kwa hiyo siku hizi tukirudi safari nalitoa siku hiyohiyo hata kama nimechoka.

Kisa kingine cha kuchekesha. Siti ya kati upande wa kushoto iligoma kuteleza wiki mbili nzima. Fundi mmoja akasema mota imekufa, tufungue siti yote. Sasa siti yangu haina mota, inavutwa kwa mkono! Nikalala kifudifudi na tochi. Ndani ya reli kulikuwa na krayoni nyekundu imeyeyuka ikagandana na makombo ya biskuti, imekuwa kama lami. Niliichokonoa kwa kijiti dakika arobaini.

Sasa shida yangu. Miezi miwili iliyopita tairi moja la nyuma lilichanika kando nikipaki. Mengine matatu yalikuwa yamebakiza kashata (meno ya tairi) kama milimita 3. Nikanunua mawili mapya, nikayaweka mbele, na mazuri kati ya yale ya zamani nikayapeleka nyuma. Tangu hapo nikikata usukani hadi mwisho, hasa nikipaki, gari linajikaza kana kwamba kuna mtu amekanyaga breki kidogo, halafu linaruka ruka. Juzi baada ya saa nzima ya mwendo wa njia kuu taa ya fowili (mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne) ikawaka, na kulikuwa na harufu kama ya kitu kilichoungua. Nikazima, nikapumzika, taa ikajizima. Fundi wa kwanza anasema giaboksi inakufa. Wa pili anasema bushi. Nani kakutana na hili?

---

Nyundo_7

Uza.

---

Mzee wa Spea

Simama hapohapo mkuu. Usimruhusu mtu kufungua giaboksi. Nijibu maswali matatu: saizi ya tairi ni ipi, mapya na ya zamani ni chapa moja na mchoro mmoja, na upepo umejaza ngapi?

---

Baba Watatu

225/65R17 yote manne. Chapa tofauti, yale ya zamani sikuyapata tena. Upepo PSI 33 kote, kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema.

---

Mzee wa Spea

Haya, tupige hesabu, na wengine wasome maana hili linaua magari mengi ya fowili bila watu kujua.

Tairi la 225/65R17 likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 724 hivi kwa hesabu ya karatasi. Zidisha kwa pai, mzingo ni kama 2,275. Jipya huja na kashata ya milimita 8 hivi, yako ya nyuma yana 3. Tofauti ni 5, na hiyo inapungua kwenye nusu kipenyo, kwa hiyo mzingo wa tairi la zamani umepungua milimita 31. Unaona ni kitu kidogo, siyo?

Sasa liendeshe. Kwa kila kilomita moja tairi lako la mbele linazunguka mara 440, la nyuma 446. Mizunguko sita. Kwenye kilomita 100 ni mizunguko 600 na zaidi ambayo mbele na nyuma hawakubaliani. Nani anaimeza tofauti hiyo? Ile kapulingi, kiungio kinachopeleka nguvu nyuma, iliyokaa mbele ya difu ya nyuma (gia za katikati ya magurudumu ya nyuma). Ndani yake kuna sahani za klachi zinazoogelea kwenye oili. Zimetengenezwa kusuguana kwa sekunde chache, gari likinasa mchangani au likiteleza kwenye tope, halafu zipumzike. Wewe umezisuguanisha saa nzima. Oili ikachemka, kompyuta ikaona joto, ikakuwashia taa na kukata fowili ili isiungue. Ulipopumzika ikapoa. Harufu ndiyo hiyo.

Na kujikaza kwenye kona: gari likikata kona kali magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kapulingi nzima inaachia, hata husikii. Yenye oili iliyoungua inashika na kuachia, shika na achia. Huko ndiko kuruka ruka unakokusikia.

Kabla hujanunua chochote, pima. Chora chaki kwenye tairi na kwenye sakafu palipogusana, sukuma gari mpaka alama irudi chini, chora tena, pima kwa futi kamba. Fanya mbele na nyuma. Utakuja kuniambia.

---

Mgeni Njiani

Mzee naheshimu, ila mimi nimefundishwa mapya mawili yanakaa NYUMA siku zote, hata kama gari linavuta mbele. Yeye kaweka mbele, kosa liko hapo.

---

Mzee wa Spea

Hujakosea, ila unajibu swali jingine. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu mawili tu, ndiyo, mapya nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Mbele ikiteleza linaenda tu moja kwa moja, ukiachia mafuta linashika. Lakini kwake hata angeyaweka nyuma, tofauti ya mzingo ingebaki ileile, imegeuka upande tu. Fowili za namna hii zinataka manne yanayofanana. Kitabu cha gari kitakuwa kimeandika kiwango, asome.

---

Mgeni Njiani

Sawa, nimekuelewa. Na lile tairi jembamba la akiba je? Si nalo ni dogo?

---

Mzee wa Spea

Ndiyo, na ndiyo maana vitabu vingi vinakupa masharti ya mahali pa kulifunga na umbali wa kwenda nalo. Ni la kukufikisha kwa mziba pancha, siyo la kwendea harusini.

---

Dada Usukani

Nikiwa nimekaa kusubiri hicho kipimo cha chaki, ngoja niwaonye wenye sanrufu, kile kioo cha kufunguka kwenye paa.

Gari langu lilianza kuweka ukungu vioo vya ndani kila asubuhi. Nikaona hali ya hewa. Halafu harufu, ile ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Mwanangu akavua kiatu akasema mama soksi imelowa. Nikakandamiza kapeti la nyuma ya siti ya dereva kwa kiganja, maji yakajaa kati ya vidole vyangu kama nakamua sponji. Juu pakavu kabisa! Sponji lote liko chini ya kapeti.

Gereji ya kwanza wakaniuzia mpira mpya wa sanrufu. Mvua ya kwanza, bwawa limerudi. Hapo ndipo nilipokuja kuelewa, na hawa jamaa walipaswa kuniambia: mpira wa sanrufu hauzuii maji yote wala haukusudiwi kuyazuia yote. Yanayopita yanapokelewa na trei iliyozunguka kioo, na trei ina mirija pembeni. Ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ya nyuma inashukia nyuma. Vumbi na majani yakiziba mrija mmoja, trei inafurika, maji yanatafuta njia kupitia dari na nguzo mpaka miguuni.

Kupima ni kikombe cha maji. Fungua sanrufu, mimina taratibu kwenye pembe moja, mtu mwingine achungulie chini ya gari. Maji yasipotoka ndani ya sekunde chache, umempata mchawi. Mimi nilizibua kwa waya laini wa plastiki. Msipulize kwa kompresa ya gereji, mrija unaweza kuchomoka kwenye kiungio ndani ya nguzo na hapo ni kushusha dari.

Chini ya kapeti langu kulikuwa na kiboksi cha umeme na mafundo ya nyaya. Soketi mbili zilikuwa zimeshaanza kuota kijani. Kapeti nililitoa lote nikalikausha siku nne.

---

Kilomita Laki Tatu

Dada, siyo lazima sanrufu. Mtu akikuta maji miguuni, ayaguse kwanza. Ya mvua au ya kiyoyozi ni maji tu. Ya rejeta yanateleza vidoleni, yana rangi na harufu ya utamu, na ukungu wake wa kioo una mafuta mafuta. Ukiyaona hayo ni kirejeta kidogo cha hita ndani ya dashibodi kinavuja, na kazi ya kukitengeneza ni kubwa.

---

Dada Usukani

Kweli, asante. Sikufikiria kabisa kuyagusa kwa namna hiyo.

---

Dizeli Tu

Petroli mnalalamikia taa moja. Njooni dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi, mkewe mtu anapeleka watoto shule kilomita tatu kwenda, tatu kurudi, basi.

Kichujio kile kinajichoma chenyewe, lakini kinataka moto wa sailensa uwe mkali, na huo unapatikana kwenye mwendo wa kueleweka, mara nyingi robo saa au zaidi bila kusimama simama. Safari za shule haufiki. Kila kikianza kujichoma gari limeshafika, mtu anazima. Kesho hivyohivyo. Nilizijua dalili kwa kuchelewa: umepaki na feni bado inaunguruma, mzunguko wa injini gari likiwa limesimama uko juu kuliko kawaida, na ulaji wa mafuta umepanda siku hiyo tu.

Kilichonitisha ni kijiti cha oili. Nilipima nikakuta oili IMEPANDA. Nikasema nani kaongeza? Hakuna aliyeongeza. Ni dizeli ya ziada inayochomwa ili kupandisha joto, kazi isipomalizika nyingine inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Nikamwaga oili yote siku ileile. Sasa kila Jumamosi nalitoa njia kuu nusu saa, watoto wanaita "kumtembeza mbwa".

Kama safari zako ni fupi fupi, chukua petroli au haibridi. Mnaobisha, pimeni oili zenu kwanza.

---

Nyundo_7

Uza pia.

---

Dizeli Tu

Wewe una gari kweli?

---

Nyundo_7

Niliuza.

---

Kilomita Laki Tatu

Hahaha. Haya, mimi jina langu linajieleza, niko 304,000 na giaboksi ileile ya kiwandani. Niliponunua niliambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha, haiguswi. Nikauliza maisha ya nani? Niliimwaga ya kwanza kwenye 60,000 ikatoka nyeusi kama kahawa, na nimeendelea hivyo kila 60,000. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu, hasa kama giaboksi ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda). Ukiweka ya otomatiki ya kawaida humo, mkanda wake wa chuma unateleza na hutasikia mlio wowote mpaka siku umechelewa.

Oili ya difu ya nyuma pia msiisahau. Watu wengi wa SUV hizi hawajui hata kama difu ipo, maana hawajawahi kulala chini ya gari. Baba Watatu, wewe ushawahi kuibadilisha?

---

Baba Watatu

Aisee. Miaka mitatu, kamwe. Nilidhani sevisi kubwa inaigusa.

---

Mama Pacha

Mimi si mtu wa injini, nina mambo mawili ya ndani.

Maziwa. Chupa ilimwagika usiku, tukafuta juu tukalala. Siku ya tatu huwezi kuingia garini. Maziwa hayakai juu ya kitambaa, yanazama kwenye sponji ya siti na kuteremka kwenye bolti za reli. Kilichosaidia ni kufungua siti ya mtoto, kulowesha kwa maji ya baridi (ya moto yanayagandisha), kuvuta kwa mashine ya kufyonza maji, kurudia mara tatu, halafu milango wazi juani. Manukato ya garini ni kuongeza ubaya juu ya ubaya.

La pili, kamera ya nyuma. Gari refu, kioo cha nyuma kiko juu, mtoto wa miaka mitatu akisimama nyuma ya bampa humuoni kwenye kioo chochote. Nilikuwa nategemea kamera. Asubuhi moja lenzi imejaa tope, nikaona kivuli tu, nikarudi nyuma, nikasikia kitu kimevunjika. Ilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu. Mtoto alikuwa ameiacha akaingia ndani kuchukua kofia. Nilishuka miguu haina nguvu. Siku hizi nazunguka gari lote kwa mguu kabla ya kuwasha, na pacha wanajua mpaka mikono yao iguse ukuta wa nyumba ndipo mama anarudi nyuma.

---

Dada Usukani

Dada, nimesoma nikapumua kwa nguvu. Hilo la kugusa ukuta naliiba leo leo.

---

Mgeni Njiani

Swali la uzito. Tuko saba na tunasafiri mwezi ujao na mizigo juu. SUV si zinabeba?

---

Kilomita Laki Tatu

Tafuta kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kitabu, uone uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa gari tupu. Kwangu inabaki kilo 540. Watu saba wa kilo 70 ni 490. Zimebaki 50 kwa mizigo yote, na hapo hujahesabu boksi lenyewe. Paa nalo lina kikomo chake, langu kilo 75 pamoja na keria. Umbo kubwa linadanganya, mzee. Na upepo wa gari lililojaa ni tofauti na wa kila siku, kibandiko cha tairi kina safu mbili, wengi tunasoma ya kwanza tu.

---

Baba Watatu

Wakuu, nimerudi na majibu ya chaki. Watoto walidhani tunacheza.

Mbele: milimita 2,204. Nyuma: 2,176. Tofauti 28. Mzee alisema 31 kwa karatasi, nami nilikuwa napima kwa futi kamba ya fundi cherehani! Nimesoma kitabu pia: kinataka matairi manne ya saizi, chapa na ulaji mmoja. Ukurasa huo sikuwahi kuufungua.

Nimeagiza mawili zaidi ya aina ileile ya yale ya mbele. Niangalie nini yakifika?

---

Mzee wa Spea

Ubavuni tafuta herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usikubali yaliyolala stoo miaka mingi hata kama yanang'aa. Halafu pima kashata ya yale ya mbele, kama hayajatembea hata kilomita 5,000 yataendana na mapya bila shida. Baada ya hapo zungusha mbele na nyuma kila kilomita 10,000 yaliwe sawasawa. Na umwage oili ya difu na kapulingi siku hiyohiyo, uniambie rangi.

---

Baba Watatu

Siku kumi na nne baadaye, natoa taarifa.

Matairi yamefungwa, manne sawasawa. Oili ya difu ilitoka nyeusi tii, inanuka kama sufuria lililosahaulika jikoni, na kwenye sumaku ya bolti kulikuwa na unga wa chuma kama masizi ya penseli. Fundi alinionyesha kwenye kitambaa. Vipande hakuna, unga tu. Tuliweka mpya, nikatembea kilomita 300, nikaimwaga tena kwa wasiwasi wangu mwenyewe, ikatoka na rangi ya chai.

Nikaenda kwenye maegesho matupu nikakata usukani hadi mwisho, nikazunguka kwa umbo la namba nane kama mara kumi. Kimya. Taa haijarudi, njia kuu nimekwenda saa mbili bila kusimama. Bado kuna mtikisiko mdogo sana gari likiwa baridi, kona ya kwanza ya asubuhi tu. Nadhani sahani zimeshapata alama yake.

Yule fundi wa giaboksi nilimpitia kumwambia. Akasema alijua.

---

Mzee wa Spea

Huo mtikisiko wa baridi uache, uangalie. Mwaga tena ukifika 140,000. Ukiongezeka kabla ya hapo, rudi hapa.

---

Mama Pacha

Na siti ya krayoni inateleza?

---

Baba Watatu

Ya kushoto inateleza kama mpya. Ya kulia imegoma tangu jana. Nimemulika na tochi, naona sarafu.